Tundu Moja la Chaji Linatosha

Mpendwa mtahiniwa, kabla hujaendelea kusoma, fanya jambo moja dogo. Fungua droo ya meza nyumbani kwenu, au lile boksi la viatu ambamo mama huhifadhi vitu visivyo na mahali pake. Hesabu nyaya za chaja zilizomo. Kisha jiulize ni ngapi kati ya hizo zinaingia kwenye simu zinazotumika nyumbani leo. Kwangu nilihesabu nyaya kumi na moja. Zilizofaa zilikuwa mbili. Zile tisa nyingine hazikuwa mbovu. Zilikuwa zimekosa tu simu ya kuzipokea.

Swali la makala haya ni hili: je, watengenezaji wa simu watakiwe wote kutumia tundu la chaji la aina moja? Jibu langu ni ndiyo, na watakiwe kwa sheria. Nalisema mapema kwa sababu unapoandika insha ya hoja, msomaji ana haki ya kujua umesimama wapi. Nitakupa sababu zangu, kisha nitakuwekea hoja nzito za wanaopinga, maana hoja isiyopimwa kwa upinzani ni nusu hoja.

Nianze na kisa. Mwaka juzi tulikuwa na msiba kijijini, nyumbani kwa shemeji yangu. Kijiji kile hakikuwa na umeme wa gridi. Nyumba ilikuwa na paneli moja ya sola na betri iliyotosha taa mbili na kuchaji simu. Shemeji ndiye aliyekuwa mweka hazina wa msiba, na michango ya ndugu wa Dar es Salaam, Mwanza na Arusha ilikuwa inaingia kwenye simu yake. Asubuhi ya mazishi simu ikazima. Tukakusanya chaja zote zilizokuwapo. Moja ilikuwa ya kitochi, yenye pini nyembamba ya mviringo. Mbili zilikuwa za maikro USB, lile tundu la zamani lenye upande wa juu na wa chini. Ya nne ilikuwa ya USB-C, ambayo mafundi wengi huiita taipu-si. Simu ya shemeji ilitaka aina nyingine kabisa. Jua lilikuwa kali, betri ya sola ilikuwa imejaa, fedha za jeneza na za mafuta ya gari zilikuwa kwenye laini yake, nasi tulishindwa kuzifikia kwa sababu ya kitundu kisichozidi upana wa ukucha.

Unajua tulivyojinasua? Kijana mmoja alichomoa laini kwenye simu iliyozima akaiweka kwenye simu yake ya kampuni nyingine. Ikaingia bila tatizo. Salio likaonekana, fedha zikatolewa, marehemu akazikwa. Lakini orodha ya waliochanga, ambayo shemeji alikuwa akiiandika ndani ya simu, haikupatikana hadi siku iliyofuata alipofika mjini na kupata chaja. Michango ikatangazwa bila majina. Wazee wawili waliotoa kingi kuliko uwezo wao waliondoka wakiamini kuwa mchango wao umedharauliwa. Shemeji amewaomba radhi mara mbili, na bado salamu zao ni za baridi.

Tafakari kisa hicho. Laini ilituokoa, chaja ikatuangusha. Tofauti ni nini? Laini za simu hutengenezwa kwa vipimo vilivyokubaliwa duniani kote. Kampuni ya simu haiwezi kukuuzia simu inayopokea laini za umbo lake pekee, kwa sababu hakuna mtandao ambao ungeitengenezea laini hizo. Chaja hazikuwekewa masharti ya namna hiyo, hivyo kila kampuni ilichonga mlango wake.

Watu wa kawaida waliliona tatizo hili zamani wakalitafutia dawa. Waulize wazazi wako kuhusu chaja ya kobe. Ilikuwa na miguu miwili midogo ya chuma inayosogezwa. Unatoa betri kwenye simu, unailaza, unasogeza miguu hadi iguse vituo vya betri, kisha unachomeka ukutani. Kobe hakuuliza simu ni ya kampuni gani. Baadaye kampuni zikaanza kutengeneza simu ambazo betri yake imefungiwa ndani, mwenye simu asiweze kuitoa kwa mkono, na kobe akakosa kazi. Tangu hapo, kwa simu nyingi, tundu limebaki kuwa mlango pekee wa umeme. Anayeamua umbo la tundu anaamua pia utanunua chaja ya nani.

Sasa tutazame mahali ambapo suala hili limefikishwa hadi bungeni. Mwaka 2009, kwa msukumo wa Tume ya Ulaya, kampuni kubwa za simu zilikubaliana kwa hiari kutumia maikro USB. Wakati huo kulikuwa na aina zipatazo 30 za chaja katika soko la Ulaya. Makubaliano hayo yalisaidia sana, kwani miaka michache baadaye aina kuu zilikuwa zimebaki tatu. Hata hivyo, kwa kuwa yalikuwa ya hiari, hayakufika mwisho. Mwaka 2012 kampuni ya Apple ilileta tundu lake yenyewe liitwalo Lightning, na ikaendelea kulitumia kwenye simu zake kwa zaidi ya miaka kumi.

Umoja wa Ulaya ulipochoka kusubiri hiari, ulitunga sheria. Tarehe 4 Oktoba 2022, Bunge la Ulaya lilipiga kura huko Strasbourg: 602 wakaunga mkono, 13 wakapinga, 8 hawakupiga upande wowote. Kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, simu, tableti, kamera, hedifoni, spika za mkononi na vifaa vingine kadhaa vinavyochajiwa kwa waya sharti viwe na tundu la USB-C ili viingizwe kwenye soko hilo. Kompyuta mpakato zilipewa muda zaidi, hadi tarehe 28 Aprili 2026. Apple ilikuwa imeipinga sheria hiyo, lakini ilipotoa iPhone 15 mwezi Septemba 2023, simu hiyo ilikuwa na USB-C.

Hapo ndipo habari ya Ulaya inapotugusa. iPhone 15 haikutengenezwa kwa tundu moja la Ulaya na jingine la Afrika. Tundu lilibadilika kwa wote, akiwemo mteja wa Kariakoo ambaye hakupiga kura yoyote Strasbourg. Hili linatufundisha mambo mawili. Kwanza, makubaliano ya hiari hupunguza tatizo lakini huacha pengo kwa mwenye nguvu. Pili, sheria inaweza kufanikiwa pale ambapo hiari imekwama.

Sababu yangu ya kwanza ya kutaka tundu moja ni gharama kwa mtu wa kipato kidogo. Mtu mwenye fedha akipoteza chaja hununua nyingine mchana huohuo. Familia yenye simu tatu za aina tatu hulazimika kuwa na chaja tatu, na moja ikikatika, simu moja inalala. Zingekuwa na tundu moja, chaja moja nzuri ingezungushwa jioni hadi simu zote zijae. Mwenye kibanda cha kuchajia simu naye angehitaji rundo dogo la nyaya, na fedha aliyookoa angeweza kununulia nyaya imara badala ya zile zinazokatika baada ya mwezi.

Sababu ya pili ni uhuru wa mnunuzi. Mtu akishanunua simu yenye tundu la kampuni moja, kisha akanunua waya wa gari, spika na chaja ya akiba vya tundu hilohilo, kuhama kampuni kunakuwa ghali. Hata simu ya kampuni nyingine ikiwa bora na nafuu, vile vifaa vyake vyote vinamrudisha nyuma. Biashara ya haki ni ile inayomshikilia mteja kwa ubora wa bidhaa, mteja akibaki kwa sababu ameridhika. Mteja anayebaki kwa sababu ya waya amefungwa, hata kama mwenyewe hajui.

Sababu ya tatu ni hasara inayotokea kila mahali ambapo vitu viwili vilivyopaswa kuungana vinashindwa kuungana. Mfano mzuri uko hapa Tanzania, nawe umeugusa katika Jiografia. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli ya TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja chako. Kwa ajili ya milimita hizo, mzigo unaotoka kwenye reli moja kwenda nyingine hushushwa Kidatu na kupakiwa upya kwenye mabehewa mengine. Kunahitajika muda, mashine na vibarua kwa kazi ambayo isingekuwepo kama wajenzi wa awali wangetumia kipimo kimoja. Sasa tuna pia reli ya kisasa ya milimita 1,435. Kila kipimo kilikuwa na sababu zake kilipochaguliwa, lakini gharama ya kutofautiana inalipwa na waliokuja baadaye. Chaja ni Kidatu ndogo, na kila nyumba inayo ya kwake.

Sababu ya nne ni taka. Ripoti ya kimataifa ya taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Waya wa chaja una shaba ndani na plastiki nje. Mahali ambapo hakuna mitambo ya kurejeleza, watu huchoma nyaya ili wapate shaba wakauze. Wewe unayesoma Kemia unajua kinachotokea plastiki ya PVC inapoungua: moshi wake hubeba gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo huunguza macho na mapafu. Anayeuvuta ni yule anayechoma na watoto wanaocheza jirani.

Hata hivyo, nisikudanganye kwa kuongeza chumvi. Tume ya Ulaya ilikadiria kuwa chaja zinazotupwa au kukaa bila kutumika huko kwao ni takriban tani 11,000 za taka kwa mwaka. Ukizilinganisha na tani milioni 62 za dunia nzima, hizo ni kama kikombe katika pipa. Kwa hiyo sababu ya taka ni ya kweli, lakini siyo nguzo kuu ya hoja yangu. Nguzo kuu ni zile mbili za kwanza, gharama na uhuru. Nawe katika insha yako, usiipe sababu ndogo sauti kubwa. Mtu makini akigundua umezidisha mahali pamoja, atatilia shaka hata pale uliposema kweli.

Tuwasikilize sasa wanaopinga. Hoja yao ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote: sheria huua ubunifu. Wanasema, kama tundu la maikro USB lililokubaliwa mwaka 2009 lingewekwa kwenye sheria, huenda tusingepata USB-C, ambayo vipimo vyake vilikamilishwa mwaka 2014. USB-C ni bora bila ubishi. Huingia upande wowote, haimlazimishi mtu kupapasa gizani, na hupitisha umeme mwingi zaidi. Je, tukiifunga kwa sheria leo, hatutalizuia tundu bora la kesho?

Hoja hiyo siidharau, lakini ina majibu matatu. Kwanza, USB-C haikubuniwa na kampuni moja iliyojifungia. Ilitoka kwenye jukwaa la kampuni nyingi zilizokaa pamoja, Apple ikiwa mojawapo. Kwa hiyo kukubaliana na kubuni vinaweza kwenda pamoja. Pili, sheria ya Ulaya imeacha mlango wa marekebisho: Tume imepewa mamlaka ya kubadilisha kiwango kadiri teknolojia inavyosonga. Pia simu inayochajiwa bila waya pekee hailazimishwi kuwa na tundu. Tatu, USB-C bado ina nafasi ya kukua. Vipimo vyake vya mwaka 2021 vinaruhusu hadi wati 240, umeme mwingi kuliko unaohitajiwa na simu au kompyuta mpakato ya kawaida. Ushindani wa kamera, betri, kioo na bei unaendelea kama kawaida, tundu likiwa moja.

Hoja yao ya pili ni kwamba mabadiliko yenyewe huzalisha taka, kwa kuwa mtu mwenye nyaya za aina ya zamani ataziacha. Ni kweli. Lakini taka hiyo hutokea mara moja, wakati wa kuhama. Taka ya kutokubaliana hutokea kila mtu anapobadilisha simu. Kuhama nyumba mbovu kuna usumbufu, ila usumbufu huo haujawahi kuwa sababu ya kuishi na paa linalovuja maisha yote.

Hoja ya tatu inagusa bei. Simu za bei nafuu, hasa vitochi, nyingi bado zinatumia maikro USB, na mtengenezaji anaweza kusema kuwa kubadilisha kutampandishia gharama mteja maskini. Hapa nakubali sehemu. Simu nafuu zipewe muda mrefu zaidi kuliko simu ghali, kama Ulaya ilivyozipa kompyuta mpakato muda wa ziada. Lakini muda uwe na mwisho. Bila mwisho, mteja wa kipato kidogo ndiye atakayebakizwa kwenye tundu ambalo wengine wote wamelihama, na siku waya wake ukikatika atatafuta mwingine kwa shida.

Hoja ya nne mafundi simu wanaijua vizuri: tundu moja halimaanishi chaja moja. Nyaya mbili za USB-C zinaweza kufanana kama mapacha, moja ikachaji simu kwa saa moja na nyingine kwa saa nne. Nyingine hupitisha umeme lakini picha na mafaili hayapiti. Ukweli huu hauvunji hoja yangu, unaikamilisha. Tusiishie kudai tundu moja. Tudai pia lebo inayosomeka kwenye pakiti na kwenye waya wenyewe, ikitaja wati na kazi za waya huo, ili mnunuzi asilipie umbo peke yake.

Basi sisi tufanye nini? Wengine husema nchi zetu hazitengenezi simu nyingi, kwa hiyo tungoje wakubwa waamue. Siafiki. Saudi Arabia iliamua kuwa kuanzia tarehe 1 Januari 2025 simu zinazouzwa nchini mwake ziwe na USB-C, ingawa nayo hununua simu kutoka nje. Sisi tuna Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria ya viwango ya mwaka 2006 inayoziwezesha kuwa na kiwango kimoja kwa soko lote. Soko la nchi moja linaweza kupuuzwa. Soko la jumuiya nzima halipuuziki kirahisi. Tukikaa kimya, kuna hatari kuwa simu na nyaya za matundu yaliyokataliwa kwingine zitatafuta wanunuzi hapa, nasi tutazipokea kwa kuwa bei itapendeza macho.

Mtahiniwa, baada ya mtihani wako wa mwisho, wengi wenu mtanunua au kununuliwa simu ya kwanza ya kwenu wenyewe. Muuzaji atakusifia kamera na rangi. Wewe igeuze chini uangalie tundu. Muulize: waya huu utaingia kwenye simu ya dada yangu? Nikiwa ugenini nitapata chaja? Maswali hayo yakiulizwa na wateja wengi, yatafika kwa mwagizaji, na kutoka kwake yatafika kiwandani.

Mimi nimeshasema upande wangu. Nataka tundu moja, lebo inayosomeka, na muda wa kutosha kwa simu za bei nafuu. Pale msibani, kipande cha laini kisichozidi punje ya hindi kilifanya kazi kwa sababu watu wasiofahamiana walikaa mahali wakakubaliana vipimo vyake. Sioni sababu ya chaja kushindwa kufanya vivyo hivyo.

Maswali ya kujipima

1. Mwandishi anasema sababu ya taka siyo nguzo kuu ya hoja yake. Kwa nini ameamua kukiri hivyo, na kukiri huko kunaiongezea au kunaipunguzia hoja yake nguvu?

2. Eleza uhusiano uliopo kati ya mfano wa reli za Kidatu na suala la chaja. Mfano huo unafaa kwa kiasi gani?

3. Taja hoja moja ya wapinzani ambayo kwa maoni yako haikujibiwa vya kutosha, kisha iendeleze kwa aya moja.

4. Andika insha ya hoja isiyopungua maneno 250 ukipinga msimamo wa mwandishi. Tumia angalau mfano mmoja kutoka mazingira unayoishi.